Mizani Iko Mkononi mwa Nani?



Kila kijana wa Manika aliyewahi kuifuata barabara ya Likasi anaijua Musompo. Magunia hushushwa kutoka kwenye pikipiki na malori mbele ya safu ya madepo, na mbele ya kila depo hutundikwa ubao wenye tarakimu: upande mmoja asilimia ya shaba au ya kobalti, upande wa pili bei ya kilo. Mchimbaji ametoka shimoni. Amewalipa wabebaji, amewalipa waliosafisha mawe, amelipa tena njiani. Sasa anasimama mbele ya mnunuzi. Mnunuzi huchota kiasi kidogo cha madini, hukielekezea kifaa kinachofanana na bunduki ndogo, ambacho sisi sote tumezoea kukiita metorex, na baada ya muda mfupi kifaa hutoa tarakimu. Tarakimu hiyo ndiyo inayoamua mstari gani wa ubaoni utasomwa kwa ajili yake. Kisha hukatwa kiasi fulani kwa sababu ya maji yaliyomo ndani ya mawe, na fedha huhesabiwa.

Angalieni vizuri jambo hili. Hakuna aliyemshika mchimbaji mkono ili auze pale. Anaweza kulibeba gunia lake hadi depo la jirani, na wengi hufanya hivyo. Bei imeandikwa wazi, kila ajuaye kusoma na aisome. Lakini kifaa ni cha mnunuzi, mizani ni ya mnunuzi, na anayetamka tarakimu ni mtu wa mnunuzi. Mchimbaji hana kifaa chake cha kulinganisha. Ndiyo maana malalamiko ya wachimbaji kwa miaka mingi hayakuhusu bei ya ubaoni peke yake. Yalihusu pia ile tarakimu ambayo wao hawawezi kuihakiki.

Ninaanza na Musompo ingawa mnaponisimamisha baada ya Misa hamniulizi habari za madini. Mnaniuliza habari za simu. “Mwalimu, programu hii ya kununulia vitu vya China ni ya kuaminika?” “Mwalimu, nikifungua duka langu kwenye mtandao, nitapata wateja?” Nimewajibu mara nyingi kwa neno moja au mawili, nikiwa nimeshika ufunguo wa sakristia mkononi. Leo napenda kuwajibu kwa utulivu, na jibu langu linapitia Musompo, kwa sababu soko kubwa la mtandaoni nalo lina ubao, lina mizani, na lina mwenye kushika kifaa. Tofauti ni kwamba mtu huyo hatumwoni.

Katika soko letu la mtaani, mama auzaye unga ana meka yake, na mteja ana macho yake. Mama hujaza, mteja hutazama. Mteja hulalamika, mama huongeza kiganja kimoja cha matabishi, na wote wawili wanajua kwamba kesho watakutana tena mahali palepale. Sitaki kulisifu soko hilo kupita kiasi. Meka huweza kubonyezwa chini hadi ikapoteza sehemu ya ujazo wake, na mteja mgeni hulipishwa bei ya mgeni. Nabii Amosi, aliyekuwa mfugaji wa Tekoa, aliwakemea wafanyabiashara wa zamani zake kwa mbinu hizohizo: kipimo kidogo wakati wa kutoa, jiwe zito wakati wa kupokea. Hila ya mizani si jambo lililoletwa na intaneti. Ila katika soko la mtaani, yule anayeibonyeza meka yuko mbele yako, ana jina, ana mtaa anaokaa, na mama yako anamjua.

Sasa fikirini tatizo la kuuziana watu wasiojuana kabisa. Mwezi wa Septemba mwaka 1995, mtaalamu mmoja wa kompyuta huko California, Pierre Omidyar, alifungua mnada kwenye intaneti, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa humo, kama kampuni yenyewe inavyosimulia, kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, na iliuzwa kwa dola 14 na senti 83. Omidyar alishangaa, akamwandikia mnunuzi kumwuliza kama amefahamu kwamba kalamu ile haifanyi kazi. Akajibiwa kwamba mnunuzi yule hukusanya kalamu za namna hiyo zilizoharibika. Nakipenda kisa hiki kidogo kwa sababu mwenye soko ndani yake bado anamwandikia mteja kwa mkono wake mwenyewe. Hali hiyo haikuweza kudumu. Watu walipokuwa maelfu, ilibidi kitafutwe kitu cha kushika nafasi ya uso wa mtu, na mwaka 1996 eBay ikaanzisha utaratibu wa kila upande kumpa mwenzake alama na maoni baada ya biashara. Nyota mnazoziona leo chini ya picha ya kila kiatu ni wajukuu wa alama zile.

Hapa mnivumilie kidogo, maana mimi nilifunzwa ualimu, na kutoa pointi ndiyo kazi iliyonilisha. Wachunguzi wawili wa Marekani, Paul Resnick na Richard Zeckhauser, walizikagua alama za eBay za mwaka 1999, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 99 ya maoni ya wanunuzi yalikuwa ya kusifu. Mwalimu yeyote akileta kwa mkaguzi karatasi za darasa ambalo wanafunzi 99 kati ya 100 wamepata alama za juu kabisa, ataulizwa maswali. Ama mtihani ulikuwa mwepesi mno, ama kuna aliyeogopa kutoa alama mbaya. Kule eBay hofu ilikuwapo kweli: mnunuzi aliyemlaumu muuzaji alijua kwamba muuzaji naye angemlipiza. Kwa hiyo mwaka 2008 kampuni ikaamua kwamba wauzaji wasiweze tena kuwapa wanunuzi alama mbaya. Kabla ya hapo kila upande ulikuwa na fimbo. Tangu siku hiyo fimbo imebaki upande mmoja. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa na sababu njema, maana ndimi za wanunuzi zilifunguliwa. Lakini wauzaji walioamka na kukuta desturi ya soko lao imegeuzwa hawakuwa na baraza la kupeleka neno lao. Mwenye kifaa alikipima upya kifaa chake.

Vijana wa kwaya yetu walipotaka kununua vipaza sauti viwili kwa programu moja kubwa, walibishana jioni nzima kati ya kile chenye nyota 4.8 na kile chenye nyota 4.6. Niliwauliza ni watu wangapi waliotoa alama hizo, nao hawakuwa wametazama. Kimoja kilikuwa na maoni ya watu kumi na wawili, cha pili kilikuwa na maoni ya maelfu. Tofauti ya 0.2 waliyoibishania haikuwa na maana yoyote. Tofauti ya hesabu ya watu ndiyo iliyokuwa na maana. Tena maoni yenyewe huweza kununuliwa. Biashara hiyo ilienea kiasi kwamba mwaka 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitunga kanuni ya kupiga marufuku uuzaji na ununuzi wa maoni ya uongo. Soma maoni ya nyota tatu kwanza, ndivyo nilivyowaambia. Mtu anayetoa nyota tatu kwa kawaida ana jambo la kusimulia.

Jambo la pili lililobuniwa ili wageni waaminiane ni ushikaji wa fedha katikati. Kampuni ya Alibaba, iliyoanzishwa Hangzhou nchini China mwaka 1999, ilifungua soko liitwalo Taobao mwaka 2003. Wachina wengi wakati huo waliogopa kulipa kabla ya kuona, na wauzaji waliogopa kutuma kabla ya kulipwa. Mwaka 2004 ukaanza utaratibu wa Alipay: mnunuzi hutoa fedha, fedha hazimfikii muuzaji papo hapo, huwekwa katikati mpaka mnunuzi akiri kwamba mzigo umefika. Ni jambo jepesi kulieleza, nami nalihesabu kuwa miongoni mwa mambo yenye akili kubwa kuliko yote yaliyobuniwa katika biashara ya siku zetu.

Sisi hapa Kolwezi, tunapouziana kwenye vikundi vya WhatsApp, hatuna chombo hicho. Fedha ikishatumwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, imekwenda. Hata hivyo watu wamejitafutia Alipay yao wenyewe, nayo hupita kwa magurudumu mawili. Muuzaji humkabidhi dereva wa pikipiki viatu, dereva huvifikisha, mteja huvivaa, huvikagua, kisha hulipa, dereva hurudisha fedha na kubaki na nauli yake. Yule dereva, ambaye kila mtu humlaumu kwa kuendesha ovyo, ndiye benki ya katikati. Anaaminiwa na pande mbili zisizoaminiana. Jumia nayo, ilipoenea katika nchi kadhaa za Afrika baada ya kuanza Nigeria mwaka 2012, iliona haraka kwamba wateja wengi hawataki kulipa kabla ya mzigo kufika mlangoni, ikakubali kupokea fedha mkononi wakati wa kukabidhi.

Hadi hapa nimesema zaidi juu ya mnunuzi. Kwa muuzaji mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Binti wa dada yangu anauza vitenge na viatu vya watoto. Mtaji wake wa kwanza ulitoka katika likelemba ya wanawake kumi, na zamu yake ilipofika alinunua bidhaa Lubumbashi, akazipiga picha juu ya kitanda chake, akafungua duka katika mtandao mmoja mkubwa. Kwa mwaka mmoja na nusu biashara ilikwenda vizuri. Nilimwona akijifunza mambo ambayo hakuna aliyemfundisha. Alijua kwamba akichelewa kumjibu mteja, picha zake zinashuka chini na za wengine zinapanda. Kwa hiyo alilala na simu chini ya mto, akajibu saa sita ya usiku, saa kumi alfajiri. Alijua kwamba akilipa kiasi fulani cha dola, picha zake zitaonekana na watu wengi zaidi, na kwamba akiacha kulipa zitaonekana na watu wachache kuliko hapo mwanzo. Hilo la pili alilisema yeye. Sina njia ya kulithibitisha, wala yeye hana. Hiyo ndiyo metorex yake.

Siku ya Ijumaa moja alikuja nyumbani, uso umemshuka.

“Mjomba, wamefunga duka langu.”

“Nani?”

“Sijui. Hakuna mtu. Ni maandishi tu.”

Maandishi yenyewe yalisema kwamba amevunja masharti, bila kutaja sharti gani. Palikuwa na mahali pa kubonyeza ili kuomba uamuzi uangaliwe upya. Alibonyeza. Yakaja maandishi mengine. Wateja wake wote, mamia ya watu, walikuwa ndani ya duka lile. Hakuwa na nambari za simu zao, kwa kuwa mazungumzo yote yalifanyika humohumo. Vitenge vilikuwa vyake, viko kabatini. Wateja hawakuwa wake. Na michango ya likelemba ilibaki kutolewa kila wiki, kwa maana wanawake wale tisa hawakuwa na habari na masharti ya mtandao. Alilipa kwa kuuza kwa hasara mlangoni mwa soko, akiwa amesimama juani na vitenge begani. Duka halikufunguliwa tena.

Msidhani nasimulia haya ili kuwatisha. Yeye mwenyewe amerudi mtandaoni, ila sasa ana daftari. Kila mteja anayenunua, jina lake na nambari yake huandikwa kwa kalamu, pamoja na kipimo cha mguu wa mtoto. Miezi sita baadaye yeye humpigia mama huyo simu kumwambia kwamba mguu wa mtoto bila shaka umekua.

Wakubwa wa dunia wameyaona matatizo haya kwa kiwango kingine. Mwenye soko huona kila kitu: kipi kimeuzwa, kwa bei gani, kimetafutwa mara ngapi na hakikupatikana. Je, akiwa naye ni muuzaji katika soko lilelile? Mwezi wa Julai 2019 Tume ya Ulaya ilianza kuichunguza Amazon juu ya jambo hilo: kama inatumia habari za siri za wauzaji walio katika soko lake ili kushindana nao. Mwezi wa Desemba 2022 shauri lilimalizwa kwa ahadi, bila faini: Amazon iliahidi kutozitumia habari hizo kwa biashara yake yenyewe, na kuwatendea wauzaji wote sawa inapochagua ni nani awekwe mahali pa kwanza penye kitufe cha kununua. Kabla ya hapo, kanuni nambari 2019/1150 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika mwezi wa Julai 2020, ilikuwa imekwisha kuwaagiza wenye masoko ya mtandaoni waeleze mambo makuu yanayoamua bidhaa ipi ionekane juu na ipi chini, na wampe sababu muuzaji wanayemfungia. Someni tena maneno hayo: wampe sababu. Muuzaji wa viatu wa Lisbon ana haki hiyo. Mpwa wangu alikuwa na maandishi tu.

Kwetu, Kanuni ya Dijitali ilitolewa tarehe 13 Machi 2023 kwa sheria-amri nambari 23/010, nayo inagusa biashara ya mtandaoni pamoja na mambo mengine mengi. Ni jambo la kushukuru. Lakini sheria ya Kinshasa dhidi ya kampuni iliyo ng’ambo ya bahari ni kama ufunguo wa nyumba ambayo mlango wake uko katika nchi nyingine. Vijana walio katika masomo ya sheria wana kazi hapa, nami ningefurahi kumwona mmoja wenu akiichukua.

Nikirudi Musompo: serikali imejaribu njia ya kuweka mnunuzi mmoja. Entreprise Générale du Cobalt iliundwa mwaka 2019 ili iwe na haki ya peke yake ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo. Lengo lilikuwa zuri, kuondoa vurugu na kulinda bei. Walakini mimi sioni kwamba mnunuzi kuwa mmoja kunalitibu tatizo la mizani. Madepo yakiwa mengi, angalau mchimbaji anaweza kulibeba gunia lake hadi la pili na kuona kama tarakimu inafanana. Kitu ambacho mchimbaji amekikosa miaka yote ni kifaa cha pili, kilicho mkononi mwa mtu asiyenunua wala asiyeuza. Muuzaji wa mtandaoni amekosa kitu hichohicho.

Na soko lenyewe huweza kuhama. Mwezi wa Novemba 2019 Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania, miezi michache tu baada ya hisa zake kuanza kuuzwa katika soko la hisa la New York mwezi wa Aprili. Mama wa soko la mtaani akifunga kibanda chake, jirani hukichukua siku hiyohiyo, na wateja hawahitaji kuambiwa njia.

Jumapili ijayo, mtakapokutana baada ya Misa ya pili, njooni na simu zenu, wawili wawili. Chagueni kitu kimoja, tuseme taa ya sola au mkoba wa shule. Kitafuteni katika programu ileile, kwa maneno yaleyale, kwa wakati uleule, kila mmoja kwa simu yake. Andikeni kwenye karatasi vitu vitano vya kwanza vinavyoonekana, bei zake, na vipi kati yake vimelipiwa ili vikae juu. Kisha wekeni karatasi mbili pamoja juu ya meza, mtazame ni wapi zinatofautiana. Nitaleta kalamu, na binti wa dada yangu atakuja na daftari lake.